Somo: Bodi ya shule Kentucky inavyopanga mambo, na mlango wa mzazi uko wapi

Wazazi wenzangu, salaam. Mwaka juzi nilisimama mbele ya bodi ya wilaya yetu kuomba siku ya Iddi iwekwe kwenye kalenda ya masomo. Pale mbele ya maikrofoni pana taa ndogo: kijani unaongea, njano malizia, nyekundu kaa chini. Dakika tatu. Nilimaliza ikiwa bado njano, watu wakapiga makofi, nikarudi kwenye kiti nikijiona wakili. Robo saa baadaye kalenda ikapita, hakuna mjumbe aliyepinga, na Iddi haimo. Mama aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Kaka, hii iliisha tangu Machi."

Alikuwa sahihi. Kura ya bodi ni kupakua tu. Chungu kilishaiva siku nyingi. Nimeyaandika haya kwa sheria za jimbo la Kentucky, hapa Marekani, kwa kuwa ndizo ninazoishi nazo. Walioko Ohio au Texas, mfumo wenu unafanana na huu, lakini tarehe na idadi za wajumbe ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua nini

Bunge la jimbo kule Frankfort ndilo linaloweka kiwango cha chini. Kwa mfano, mwaka wa masomo usipungue saa 1,062 za kufundishwa, na kwa kawaida siku za wanafunzi zisipungue 170. Ndani ya mipaka hiyo bodi ya wilaya, yaani wajumbe watano, inachagua: kuanza lini, kufunga lini, fedha ziende wapi, nidhamu iendeshwe vipi. Bodi pia ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, na huyo ndiye anayetekeleza. Wajumbe hawaendeshi shule. Ukimlalamikia mjumbe kuhusu mwalimu wa darasa la tatu, atakurudisha kwa mkuu wa shule, na hajakosea.

Halafu kuna chombo ambacho wengi wetu hatukijui kabisa: baraza la shule. Lilitokana na mageuzi ya elimu ya 1990, na kwa kawaida lina wazazi wawili, walimu watatu na mkuu wa shule. Wazazi wale wawili wanachaguliwa na wazazi wenzao. Nimeona uchaguzi huo ukifanyika kwa kura kumi na tisa, katika shule yenye watoto zaidi ya mia tano. Kumi na tisa! Sisi tuliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tulikuwa tukijaza mkutano wa kamati ya shule mpaka wengine wanasikilizia dirishani.

Hatua ya 2: Soma sera kabla ya kuipinga

Sera zote ziko kwenye tovuti ya wilaya, na wilaya nyingi hapa zinatumia namba zinazofanana. Zinazoanza na 03 ni wafanyakazi, 04 fedha, 06 usafiri, 08 masomo (kalenda ni 08.3), 09 wanafunzi. Ukiona herufi AP baada ya namba, hiyo ni taratibu na si sera: imeandikwa na ofisi ya msimamizi mkuu ili kutekeleza sera. Tofauti hii ina maana kubwa. Kubadili sera kunahitaji kura ya bodi. Kubadili utaratibu, mara nyingine barua moja nzuri kwa ofisi inatosha.

Hatua ya 3: Fuata majira yao

Bajeti inaanza kutazamwa kila Januari, na bodi iwe imeshapitia makadirio kabla ya mwezi kwisha. Ifikapo Mei 30 inapitishwa bajeti ya muda, na ifikapo Septemba 30 ile ya mwisho. Ukitaka mkalimani wa kudumu au basi la ziada, omba Januari. Septemba utaambiwa fedha zimekwisha kugawanywa, na ni kweli.

Kodi ya majengo nayo hupangwa na bodi. Ikipandishwa mpaka mapato yakazidi yale ya awali kwa zaidi ya asilimia 4, sehemu iliyozidi inaweza kupingwa na wapiga kura kwa saini. Ndiyo maana utaona wilaya nyingi zinaishia pale pale kwenye 4.

Hatua ya 4: Ingia jikoni

Hapa ndipo penyewe. Chukua hiyo kalenda. Sheria inataka iwepo kamati ya kalenda, na ndani yake wawemo wazazi wawili pamoja na walimu, wafanyakazi wengine na watu wa biashara. Kamati inakusanya maoni, inatoa mapendekezo, bodi inayajadili kwenye kikao kimoja na kuipitisha kalenda kwenye kikao kingine, si zaidi ya Mei 15. Mimi nilikwenda kwenye kile cha mwisho.

Kwa sera nyingine, wilaya nyingi husoma mara mbili: mara ya kwanza wanaitazama tu, mara ya pili wanapiga kura. Zungumza mara ya kwanza. Kati ya vikao viwili kuna wiki kadhaa ambazo mjumbe bado anaweza kusema "hebu tuiangalie tena" bila kuaibika mbele ya watu.

Hatua ya 5: Siku ya kikao

Kikao cha kawaida cha bodi lazima kitenge angalau dakika 15 za maoni ya wananchi, kama kuna aliyejiandikisha. Jiandikishe mapema. Angalia pia lile fungu la mambo yanayopitishwa yote kwa kura moja. Mengi hupita humo bila mtu kukohoa. Wakiingia kikao cha faragha kwa sababu ya kesi au mambo ya wafanyakazi, subiri, kwa maana uamuzi wa mwisho hauruhusiwi kufanyika mle ndani.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Bowling Green: Mimi bado si raia. Naruhusiwa kusema?

Jibu: Unasema bila shida, na kwenye baraza la shule unaweza kugombea kama mzazi. Kugombea kiti cha bodi ya wilaya ndiyo hapana: lazima uwe mpiga kura wa wilaya hiyo, umri miaka 24, umekuwa mwananchi wa Kentucky miaka mitatu, na umemaliza sekondari au una GED, yaani cheti kinacholingana na cha sekondari.

Mzazi, Louisville: Wewe kila mara unasikika ukisema wajumbe watano, sisi tunawaona saba.

Jibu: Nyinyi ni wilaya ya Jefferson, mna saba. Wilaya nyingine zote ni watano.

Mama wa watoto wanne: Nilimpigia mjumbe wetu, akasema peke yake hana uwezo wa kunisaidia. Ananikwepa?

Jibu: Dada yangu, hapana. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kikao. Lakini anaweza kuomba jambo lako liingizwe kwenye ajenda. Mpigie tena, umwombe hilo tu.

Mzazi, Owensboro: Kiingereza changu cha dukani tu. Niende na binti yangu anitafsirie?

Jibu: Tafadhali usimbebeshe mtoto. Piga wilayani wiki moja kabla, kisha andika barua pepe ili kuwe na ushahidi, uombe mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na ndiyo inayozisukuma wilaya kuwa na wakalimani. Taja "Kiswahili" waziwazi. Mimi niliwahi kuletewa mtu wa Kisomali.

Mzazi, Lexington: Sasa ile Iddi mliipata?

Jibu: Mapumziko, hapana. Mwaka uliofuata tulikwenda kwa kamati mwezi wa kumi, watu sita, na karatasi moja yenye tarehe za Iddi za miaka mitatu mbele, maana kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja nao walikuwa hawalijui hilo. Tuliwaomba watazame wenyewe daftari la mahudhurio la Iddi iliyopita. Tulichopata ni kwamba mitihani haipangwi siku hiyo, na mtoto akikosa shule haandikwi mtoro. Ile karatasi ninayo. Anayeitaka aseme, abadilishe jina la wilaya tu.