Gari jeusi, upepo wa Sahare

Gari langu ni Corolla 110, jeusi, na nyumba yangu iko Sahare, Tanga, karibu kabisa na wanaposhusha samaki. Anayejua magari ameshanionea huruma. Nyeusi haisitiri: vumbi inaonyesha, chumvi inaonyesha, na mkono wa aliyeosha vibaya inaonyesha zaidi ya vyote. Kaskazi ikivuma inatuletea chumvi, kusi ikigeuka nayo inatuletea chumvi. Asubuhi nikipitisha kidole kwenye kioo na kukiweka ulimini, nahisi bahari.

Niliyoyaandika hapa kuhusu kuosha na kung'arisha gari nimejifunza kwa hasara. Mwaka ule nilipolinunua, mpwa wangu alikuja likizo kutoka Korogwe akataka kunifurahisha. Kunguru alikuwa amelichafua boneti, kinyesi kimekaukia pale tangu juzi. Kijana akaingia jikoni, akachukua tita la katani tunalosugulia masufuria (Tanga hatutaosha sufuria kwa kingine), akasugua kavukavu kwa nguvu zake zote za miaka kumi na sita. Kinyesi kilitoka. Pakabaki duara la ukubwa wa sahani, limefifia kama kioo kilichopumuliwa, na ukiinama juani unaona mikwaruzo inapishana kama nyuzi za mkeka.

Sikumgombeza, maana aibu ilikuwa yangu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja. Bandeji iliyogandia kidonda haing'olewi. Unailowesha, unasubiri, inaachia yenyewe. Hilo nimewafundisha wanafunzi wangu wote, lakini sikulifikisha barazani kwangu.

Basi kinyesi cha ndege unakitendea hivyohivyo. Lowesha kitambaa laini kwa maji, kilaze juu, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika kumi, kinyanyue kwa kukunja kuelekea juu, usikiburute. Kikibaki kidogo, rudia. Usikiache kikae siku nzima juani, kwani kina asidi, na bati likipata moto rangi hulainika, asidi ikapata njia ya kuingia. Alama ya namna hiyo haioshwi tena.

Sasa kuosha kwenyewe. Mimi naosha baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya minazi ya jirani. Ukiweka mgongo wa mkono juu ya boneti ukaona pana joto, ahirisha. Sabuni itakauka kabla hujaisuuza na itakuachia mabaka. Usiegeshe chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli. Kivuli kile unakilipia kwa utomvu, na kunguru wako juu wanakungoja.

Maji ni jambo la kufikiri huku pwani. Kisima changu kina chumvi, na tone lake likikauka juu ya rangi nyeusi linaacha kipete cheupe kisichotoka kwa kufuta. Kwa hiyo maji ya kisima nayatumia kuondoa tope la matairi tu. Mwili wa gari unapata maji ya bomba, na wakati wa masika nakinga ya mvua kwenye pipa. Maji ya mvua hayaachi kipete kama hicho.

Anza kwa kumwaga, mkono uwe mbali. Kuanzia paa kwenda chini, ndoo mbili tatu au mpira kama unao, bila kugusa gari. Kazi yake ni kuteremsha mchanga. Mchanga ukishateremka wenyewe, hautaburutwa na kitambaa chako. Kisha piga magoti umwage maji ndani ya mapango ya matairi na chini ya milango, maana chumvi inajificha huko, na kutu ya magari ya Tanga nimeiona ikianzia huko. Chini ya kila mlango kuna vitobo vidogo vya kutolea maji. Vikiziba, mlango unakuwa birika. Mimi navizibua kwa njiti ya chelewa, taratibu, na mara nyingine hutoka tope jeusi la kutisha.

Matairi na rimu osha mwanzo, kwa kitambaa chao na ndoo yao. Vumbi la breki ni chembe za chuma. Kitambaa kilichogusa rimu kisiguse mlango.

Kwa bodi chukua ndoo mbili. Moja ya maji na sabuni ya kuoshea magari, nyingine ya maji matupu. Unachovya kwenye sabuni, unaosha kipande, unasuuza kitambaa kwenye maji matupu, ndipo unarudi kwenye sabuni. Ukimaliza, tazama chini ya ile ndoo ya pili: mchanga ule ulikuwa urudi kwenye gari lako. Niliwahi kulipeleka mahali pa kuoshea magari, kijana akatumia ndoo moja na sponji moja kwa magari matatu, la mbele yangu likiwa limetoka shamba. Likarudi linanukia vizuri, lakini jua lilipolipiga nikaona utando wa buibui mlango hadi mlango. Tangu hapo naosha mwenyewe.

Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, wala ya vyombo, isipokuwa siku unayotaka kuondoa nta ya zamani ili upake mpya. Zimetengenezwa kukata mafuta, na nta nayo ni ya jamii hiyo. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba chenye manyoya marefu. Sponji bapa haina pa kuficha mchanga, inausukuma tu mbele yake. Osha kwa mistari iliyonyooka, paa kwanza, kisha vioo, boneti, milango nusu ya juu, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa. Usizungushe mkono. Ukikwaruza kwa mstari, unaonekana kwa upande mmoja. Ukikwaruza kwa duara, unaonekana kila jua linaposimama.

Na hapa nitaleta ukali wa wodini. Kitambaa kikianguka chini, kimekufa. Hakipulizwi, hakikung'utwi. Kinakwenda kufuliwa, unachukua kingine. Wajukuu wananicheka, lakini chembe moja ya mchanga wa Sahare inatosha kuchora boneti zima.

Kukausha: khanga hapana, hata iliyochakaa. Fulana ya zamani nayo ina mishono. Taulo kubwa la maikrofaiba unalitandaza juu ya boneti kama shuka, unalivuta polepole kwa pembe mbili, maji yanafuata.

Yapo machafu yasiyotoka kwa sabuni. Utomvu wa mwembe nautoa kwa spiriti ya kusafishia ngozi kwenye pamba: naigandamiza, nahesabu mpaka ishirini, nafuta mara moja, nasuuza. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Lami ya barabarani inalainika kwa mafuta ya taa kidogo, kisha osha pale kwa sabuni. Tina usiiguse, tina ni dawa ya kuyeyusha rangi. Na ukirudi njia ya Pongwe nyuma ya lori la saruji, usifute lile vumbi kwa mkono wala kuliacha lilale na umande, maana litashika kama plasta. Mwagia maji mengi usiku uleule. Likiwa limeshashika, siki ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hulilainisha: kitambaa kilicholowa, dakika chache, suuza, rudia. Siki isikaukie pale.

Gari likishakauka, papasa. Kuna hila ya zamani ya kuingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki ili vidole vihisi zaidi. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, basi mimi natumia mfuko wa mkate. Ukihisi kama msasa, rangi imeshikiliwa na chembe ambazo maji hayakuzitoa. Hapo ndipo udongo maalumu wa kusafishia rangi unapotumika, unauzwa kipande kama ule wa watoto wa kuchezea. Nyunyiza maji ya sabuni, telezesha bila kukandamiza, kunja udongo upate uso mpya. Ukianguka chini, hukumu yake ni ileile ya kitambaa.

Polishi ndiyo inayoharibu magari mengi, kwa sababu watu wanaipenda. Polishi haiongezi kitu. Inapunguza. Ina chembe laini za kusaga, na inachofanya ni kula rangi mpaka kina cha mkwaruzo kilingane na pembeni yake. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50, yaani nusu ya karatasi ya kuchapia. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Kila ukipiga polishi unatoa humo.

Mimi sikulijua hilo. Nilipoanza kulishughulikia lile duara la mpwa wangu, dakika ya pili kitambaa kikawa cheusi ti. Nikadhani nimeua gari. Nikakishika kitambaa mkononi hadi Ngamiani kwa fundi rangi mmoja mzee niliyewahi kumfunga kidonda. Akakinusa, akacheka.

“Mama, hii ni rangi yenyewe. Gari lako halina klia, ni nyeusi moja kwa moja. Usiogope, ila usirudierudie.”

Akanionyesha kucha. Pitisha kucha kukata mkwaruzo: ikipita bila kukwama, polishi itausaidia, ikikwama, mkwaruzo umekwenda chini mno, utasaga gari zima na bado utauona. Wa namna hiyo unazibwa kwa rangi.

Anavyofanya yeye, nami nafanya. Plastiki na mipira ya vioo nazifunika kwa utepe wa karatasi. Nachukua sponji ya kupakia, naweka kompaundi laini (ndiyo hiyo polishi) matone manne ya ukubwa wa punje ya kunde, nafanya eneo lisilozidi sinia la pilau. Mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatisha, mkono mwepesi, mpaka dawa inakaribia kuwa ukungu. Nafuta, natazama kwa tochi ya simu kwa upande. Kingo za boneti na mikunjo ya milango naikwepa, kwani rangi ni nyembamba pale na hutoboka upesi. Lile duara lilichukua asubuhi mbili na halikuisha lote. Robo yake ipo mpaka leo, nimeshaizoea.

Mtu atakuambia dawa ya meno. Dawa ya meno nayo inasaga, ila haikutengenezwa kwa rangi. Mwingine atakuambia mafuta ya nazi au dizeli. Gari litang'aa kweli mpaka saa nne, halafu vumbi lote la mtaa linalala juu yake, na kesho utalisugua pamoja na mafuta.

Nta sasa. Hii ndiyo inayokinga, na haina ubishi. Nta nzuri ya magari inatokana na majani ya mti wa jamii ya mchikichi uitwao carnauba, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Nilifurahi nilipojua; gari la mtu wa minazi linakingwa na ndugu wa mnazi. Paka kidogo mno, kidogo kuliko moyo unavyotaka. Nta nene hailindi zaidi, inakuchosha kufuta tu. Paka kipande kwa kipande kivulini, subiri iwe ukungu, pitisha kidole: pakibaki safi bila kuvuta, futa kwa kitambaa kikavu, kisha geuza upande ufute tena.

Kwa jua letu na chumvi yetu, mimi narudia kila baada ya wiki sita au nane, na kabla masika hayajaanza sikosi. Lakini tarehe si kitu, tazama maji. Yakisimama kama shanga, nta ipo. Yakitandazika kama shuka, imekwisha. Zipo dawa za kemikali zinazodumu miezi mingi kuliko nta, na mtu mwenye kazi nyingi azinunue. Ile kinga ngumu wanayoiita seramiki mimi sikuitaka. Inafungia chini yake kila mkwaruzo ulioukuta, na kuipaka barazani kwenye upepo wa Sahare ni kuchora mchanga ndani ya kioo.

Turubai la kufunikia gari nililiuza. Upepo ukilipiga, linasugua usiku kucha.

Vijiwe vikidonoa rangi mbele ya boneti, usingoje. Huku kidonda kidogo kinaanza kutu upesi. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, tafuta herufi C/TR. Langu linasema 202. Kwa namba hiyo duka la rangi linakuchanganyia kichupa. Safisha tundu kwa spiriti, likauke, dondosha rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba, subiri, jingine. Usijaze mara moja, itavimba kama chunjua.

Vitambaa vya gari navifua peke yao, kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, na naanika ndani ambako mchanga haufiki. Vya rimu nimevitia fundo pembeni. Kile cha kijani ni cha nta peke yake, na jana nimemkuta mjukuu anafutia mnyororo wa baiskeli.