Kumuombea mgonjwa bila kumwaga siri yake (kwa manesi wenzangu wa Kusini)

Jamani, hasa nyie mlioajiriwa juzi juzi mkapangiwa huku Mtwara na Lindi. Mimi sipokei zamu bila ishara ya msalaba, kwa hiyo msidhani napinga maombi. Ila siri nyingi za wagonjwa nimeziona zikitokea kwenye maombi kuliko hata kwenye umbea.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali siitaji, nilitoka zamu ya usiku nikapitia jumuiya nikasema tumuombee mama mmoja wa Mikindani mimba imeharibika mara ya tatu. Jina sikutaja, nikajiona mjanja. Sasa Mikindani na udogo ule, mpaka jioni wifi yake keshajua, kaja wodini na chai ya chupa na maneno yake, na ukweni walikuwa hawajui hata moja kati ya zile tatu. Yule mama wala hakunigombeza, aliniangalia tu, akavuta khanga akajifunika uso.

Kwa hiyo ukiomba na watu, usitaje jina, wala mtaa, wala ugonjwa, wala kitanda, sema "wagonjwa wa wodi yetu" basi, Mungu hahitaji umwelekeze. Na magrupu ya WhatsApp ndo usiguse kabisa, maana voisi noti ikishatoka huirudishi.

Ukitaka kuomba na mgonjwa mwenyewe, muulize kwanza, na umuulize ndugu zake wakiwa wametoka, mtume hata mmoja akalete maji ya kunywa. Unamwambia, "Shikamoo bibi, ungependa tuombe kidogo au nikuache upumzike?" Akisema apumzike, mwache apumzike, usirudi baada ya dakika tano na swali lile lile. Akikubali, inama uombe kwa sauti ya chini na ugonjwa usiutaje, vitanda vyetu si unajua vilivyobanana, wa jirani anajifanya kalala kumbe kategesha sikio.

Huku wagonjwa wengi ni Waislamu, na kama wewe ni Mkristo usimwekee mtu mkono kichwani ukaanza kukemea mapepo, tafadhali. Msaidie aswali. Kibla kwetu ni kaskazini, kwa hiyo sogeza kitanda kama kinasogezeka, mkono wenye kanula, kile kimrija cha dripu, mwangalizie wakati anatawadha, na kama maji hayawezi kabisa, tayamamu, yaani kujipangusa kwa udongo safi badala ya maji, inaruhusiwa, mwenyewe anajua, we mletee tu anachohitaji na umvutie pazia. Pazia hakuna? Khanga mbili na dada yake wa kuzishika. Waislamu wenyewe wana hadithi kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na akhera, kwa hiyo hapo kwenye kusitiri mnaelewana bila hata kuhubiriana.

Shehe au padri akija kutembelea wagonjwa atakuuliza, "Huyu ana nini?" Hapo wengi tunateleza, tunaona huyu si mtu wa Mungu bwana. Mjibu akamuulize mgonjwa mwenyewe. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka majibu ya kipimo yabaki siri, na ile ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na sijaona palipoandikwa isipokuwa kwa padri.

Ripoti ya kukabidhiana zamu nayo hivyo hivyo, pale kitandani onyesha kwenye faili kwa kidole, usitangaze. Dawa za CTC, yaani za kliniki ya wenye VVU, mpe mgonjwa kama dawa nyingine, bila kushusha sauti ghafla, maana ule mnong'ono wenyewe unawaambia wodi nzima.

Halafu sokoni. Utakutana na mtu wa kanisani kwako, kashika fungu la samaki, atakuuliza mgonjwa wetu anaendeleaje hasa, tujue namna ya kumuombea. Mwambie saa za kuona wagonjwa, kisha muulize samaki kanunua bei gani.