Kabla hujapaka chochote kwenye mikono yenye soriasisi

Kabla hujaenda jikoni kutafuta dawa, hakikisha unajua unaumwa nini. Mikono inayowasha, inayopasuka na kutoa magamba si lazima iwe soriasisi, ule ugonjwa sugu wa ngozi wa mabaka na magamba. Pumu ya ngozi inafanana nayo sana. Fangasi ya kiganja mara nyingi hukamata mkono mmoja tu, pamoja na nyayo zote mbili. Upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi, huwasha zaidi usiku na hupenda katikati ya vidole. Kaswende ikifika hatua ya pili hutoa madoa viganjani ambayo kwa kawaida hayawashi kabisa, na hapo hata upake mafuta mwaka mzima hayatasaidia kitu, unahitaji kupimwa damu na kutibiwa. Ukisikia mtu anakwambia "hiyo naijua" kwa kukuangalia tu mkono, mshukuru kisha nenda kwa mtaalamu.

Soriasisi ina dalili zake. Mabaka yana ukingo unaoonekana wazi na magamba mazito. Kwenye ngozi zetu nyeusi hayawi mekundu kama kwenye picha nyingi, huwa ya zambarau, ya kijivu au meusi zaidi ya ngozi ya pembeni. Angalia kucha kama zina vishimo vidogo kana kwamba zimedungwa kwa ncha ya sindano. Angalia viwiko, magoti, kitovu na nyuma ya masikio, maana mara nyingi mikono haiko peke yake.

Haiambukizi. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu mimi ni msusi, na najua inavyouma mteja anapokuangalia mkono halafu anaweka hela yake mezani badala ya kukupa. Ni kinga ya mwili inayoharakisha ngozi, seli zinazotakiwa kuchukua karibu mwezi kukua na kupukutika zinafanya hivyo kwa siku chache, ndiyo maana zinarundikana. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliitambua rasmi kuwa ni ugonjwa sugu, usioambukiza, usio na tiba ya kuumaliza. Kwa hiyo dawa ya nyumbani kazi yake ni kulainisha na kutuliza, basi. Anayekuuzia ya kuumaliza moja kwa moja, usimpe hela yako.

Yaliyo rahisi nayapitia haraka. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Sabuni ya mche na sabuni ya unga ziache kwa nguo, mikono tumia sabuni laini isiyo na manukato. Futa kwa kugandamiza taulo, usisugue. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi: mafuta ya mgando yasiyo na harufu ndiyo namba moja, na mafuta ya nazi safi yanafuata. Usiku paka kwa wingi, vaa glavu za pamba au soksi safi mikononi, lala. Magamba yakiwa magumu, loweka mikono dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu yenye shayiri ya uji (oats) iliyosagwa laini sana. Usiyabandue kwa kucha wala kwa jiwe la kusugulia miguu. Unapofua, kuosha vyombo au kukata pilipili vaa glavu za mpira, lakini ndani yake weka za pamba, kwa sababu jasho peke yake linaichokoza ngozi.

Sasa vitunguu saumu.

Ilikuwa 2019, zimebaki wiki mbili kufika Idi. Kwa msusi wa Tanga hizo ndizo wiki za mwaka, kichwa kikitoka kingine kinakaa. Nilikuwa na mabaka kwenye viganja vyote viwili na nilitaka yaishe kabla foleni haijaanza. Jirani yangu, mtu mwema ambaye mpaka leo tunapakuliana chakula, akaniambia: "Shoga, twanga vitunguu saumu, kamulia ndimu, paka, funga na nailoni ulale nayo. Mwanangu alipona fangasi hivyo hivyo." Nikatwanga punje sita. Nikapaka, nikafunga mfuko kwenye kila kiwiko cha mkono, hapa chini penye saa, nikakaza na kamba ya kitambaa ili usivuje kitandani.

Baada ya dakika 20 hivi ikaanza kuchoma. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ikichoma ndiyo inafanya kazi. Saa nane usiku nikaamka mikono inapwita kama ina moyo wake. Nikavumilia. Nilipofungua ile nailoni adhana ya alfajiri inaadhiniwa, ngozi ya viganja ilikuwa nyeupe, imelainika kama ganda la maharage yaliyolowekwa, na ilisogea nilipoigusa. Pale kamba ilipokaza kulikuwa na malengelenge yenye maji ya manjano, yamejipanga mstari. Hospitali mganga akaniuliza, "Dada, umemwagikiwa mafuta ya moto?" Nikamwambia ni vitunguu saumu. Akaniambia mimi si wa kwanza, kitunguu saumu kibichi kikikaa kwenye ngozi kinaunguza kama kemikali yoyote ile, na ukikifunga kwa nailoni unakiongezea nguvu.

Wiki tatu sikushika kichwa cha mtu. Idi ikapita. Lakini kuungua hakukuwa ndiyo mwisho wake. Vidonda vilipokwisha kufunga, kwenye ule mstari wa kamba, mahali ambapo sijawahi kuwa na baka hata moja, yakaanza kutoka magamba. Yakazunguka mkono mzima kama bangili. Daktari wa ngozi aliyekuja kuniona baadaye ndiye aliyenieleza: kwa baadhi yetu soriasisi hufuata jeraha. Ukijikwaruza, ukiungua, ukichora chale, mara nyingi ndani ya siku 10 hadi 20 baka jipya linaota palepale. Jambo hilo wanaliita kwa jina la Heinrich Koebner, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19 aliyelieleza. Yaani kile ninachokiunguza ili kipone, ndicho ninachokipandia ugonjwa. Ile bangili ninayo mpaka leo, inafifia na kurudi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kinachochoma, nawa. Hapohapo, kwa maji mengi. Usisubiri alfajiri. Na chochote kipya, hata kama kimetoka shambani kwa bibi, paka kidogo kwanza ndani ya kiwiko cha kukunjia, kikichoma nawa, kisipochoma usioshe, ngoja siku mbili. Pakiwasha au pakivimba, huyo si wako.

Hilo linaondoa mambo mengi ambayo watu wanapeana. Ndimu na limau ni asidi kali, na ukitoka nayo juani inaunguza na kuacha weusi wa miezi. Magadi yanakausha ngozi ambayo tayari imekauka. Shubiri inatuliza, ila ute ule wa njano unaotoka chini ya ganda ndio unaowasha, acha jani lichuruzike kwanza, tumia ile nyama nyeupe peke yake. Na piko, dada zangu wa pwani, usifiche mabaka kwa piko. Rangi iliyomo inaweza kuleta mzio wa malengelenge, nimewaona maharusi wakilia kwa hilo.

Kingine ni zile tyubu za dukani. Krimu zenye klobetasoli au betamethasoni ni dawa halali ya soriasisi ikiandikwa na daktari, kwa muda aliousema. Ukijinunulia na kupaka miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na ukiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Kama kumbe ulikuwa na fangasi, inajificha huku inatambaa. Krimu ya "miti shamba" isiyo na maandishi ya kueleweka na inayosafisha kila kitu kwa siku tatu ishuku, nyingine huchanganywa na dawa hizohizo kimyakimya, kama mkorogo.

Nenda hospitali mapema ukiona usaha, vidole vimevimba na kukakamaa asubuhi, kwa sababu soriasisi inaweza kuingia kwenye viungo na kuviharibu, au mabaka yanasambaa kwa kasi pamoja na homa. Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, na waliosomea pale wapo kwenye hospitali nyingi, uliza iliyo karibu nawe. Kubali kupima na virusi vya UKIMWI, kwani huifanya soriasisi iwe kali. Beba majina ya dawa zote unazomeza, baadhi za presha na za malaria huichochea. Ukiandikiwa vidonge vya methotreksati kwa soriasisi, humezwa mara moja kwa wiki na si kila siku, muulize mfamasia mpaka uelewe, na kama una mimba au unaitafuta sema kabla hujaipokea. Kucha zikate fupi. Pete ivue sasa, kabla kidole hakijavimba.