Jinsi ya Kuomba Usajili wa Ardhi ya Jamii Kenya: Mwongozo kwa Jamii za Kiasili

Mwongozo huu ni wa jamii za wafugaji, wawindaji na wakusanyaji ambao malisho yao, maji yao na makaburi ya wazee wao yako kwenye ardhi ambayo bado haina hati. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inaitambua ardhi hiyo kuwa ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii iliyoanza kutumika Septemba 2016 inaeleza jinsi ya kuisajili. Kabla ya usajili, serikali ya kaunti huishika kama amana kwa niaba yenu. Kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza mali ya mtu binafsi, lakini mradi mkubwa ukija, wa barabara au wa bomba la mafuta, jamii isiyo na hati huingia mazungumzoni ikiwa dhaifu. Ndiyo maana nawahimiza muanze sasa.

Kwanza, jueni ofisi zenyewe. Kinachowachosha watu ni kutumwa huku na kule: kaunti inasema nendeni wizarani, wizara inauliza kama kaunti imeleta orodha. Serikali ya kaunti ndiyo yenye wajibu wa kuandaa orodha ya ardhi yote ya jamii isiyosajiliwa ndani ya mipaka yake na kuipeleka kwa waziri wa ardhi. Wizara hutuma maafisa wa kuhakiki haki za watu na wapima ardhi. Msajili wa ardhi ya jamii ndiye anayeitisha mkutano wa kwanza, anayepokea maombi yenu na anayetoa hati mwishoni. Chifu na naibu kamishna wa kaunti ni watu wa serikali ya kitaifa. Hawana mamlaka ya kugawa ardhi, ila bila wao habari za mkutano hazifiki mashinani. Andikeni barua moja yenye maneno yale yale, pelekeni nakala kwa wote hawa, na kila nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Afisa akihamishwa, muhuri ndio utakaowatetea.

Mkutano wa kuchagua kamati

Msajili hutangaza mkutano kupitia gazeti linalosomwa nchi nzima na redio inayosikika nchi nzima. Hilo ni takwa la sheria, lakini mama aliye kisimani hasomi gazeti. Ombeni tangazo lirudiwe kwenye redio ya lugha yenu, msikitini, kanisani na siku ya mnada wa mifugo. Chagueni pia msimu. Mkutano ukiitwa wakati wa kiangazi, vijana wote wako mbali na ng'ombe, na kikao cha jamii hakiwezi kupitisha uamuzi bila theluthi mbili ya wanachama wake, yaani watu wazima wote wa jamii.

Mtachagua kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya chombo cha kuchaguliwa, kwa hiyo kamati ya 15 haiwezi kuwa na wanaume zaidi ya 10. Chagueni wanaojua mipaka na wanaojua kuandika. Ni nadra kuwapata wote katika mtu mmoja. Awepo pia mtu asiyeogopa kuwauliza wazee maswali. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe papo hapo, zisomwe kwa sauti kwa lugha ambayo watu wanaielewa, zitiwe sahihi au alama ya dole gumba.

Daftari la wanajamii

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nawasihi msiharakishe. Kamati inatakiwa kuandaa daftari kamili la wote wenye haki katika ardhi hiyo. Atakayeachwa nje leo atakuja na wakili kesho, tena mara nyingi atakuwa na haki.

Pitieni boma baada ya boma. Kwa kila mtu andikeni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, jinsia, mwaka wa kuzaliwa na familia anayotoka. Jina likiwa Lekuton kwenye kitambulisho na Lekutan kwenye daftari, linaweza kurudishwa. Asiye na kitambulisho asifutwe. Mwandikeni kando, kisha mumsaidie kukiomba kwa barua ya chifu. Walioko Nairobi kwa kazi ya ulinzi, wanafunzi walio chuoni na waliohama na mifugo nao ni wanajamii.

Wanawake waandikwe kwa majina yao wenyewe. Nimeona madaftari yenye safu nzima ya "mke wa fulani", na mjane wa hapo hajulikani ni nani. Sheria iko wazi: mwanamke aliyeolewa na mwanajamii huwa mwanajamii moja kwa moja, na kufiwa na mume hakumwondolei haki hiyo asipoolewa tena. Mkiona mzee anasema mabinti hawahesabiwi, mjibuni kwa heshima kwamba sheria hii inakataza ubaguzi wa jinsia, umri au ulemavu.

Daftari likikamilika, libandikwe mahali pa wazi kwa muda wa kutosha, lisomwe barazani na lisahihishwe. Ndipo kamati ichague jina la jamii na kuandaa sheria ndogo: nani anachunga wapi na lini, maji yanagawanywaje, fedha zinawekwa wapi na nani anatia sahihi, mwanakamati anaondolewaje. Kikao cha jamii ndicho kinachozipitisha. Msinakili za jamii nyingine. Mwenye mbuga kavu na mwenye msitu hawana shida moja.

Kuwasilisha maombi

Pelekeni kwa msajili vitu vinne: jina la jamii, daftari la wanajamii, kumbukumbu za mkutano wa uchaguzi, na sheria ndogo pamoja na fomu za maombi zilizo katika kanuni za sheria hiyo. Akiridhika atatoa cheti cha usajili wa jamii. Hicho si hati ya ardhi bado, ingawa wengi husherehekea hapo na kuiacha kazi nusu.

Mipaka na hati

Baada ya hapo hutolewa tangazo la nia ya kupima, kuweka mipaka na kusajili ardhi. Kwa siku 60, yeyote mwenye dai huleta dai lake. Tumieni siku hizo kuzungumza na majirani. Tembeeni mpakani pamoja, wazee wa pande zote mbili, kijana mmoja akiandika viwianishi vya GPS (nambari zinazoonyesha mahali) kwenye simu: laga fulani (mto wa msimu), mgunga mkubwa wa mikutano, kichuguu, kilima. Mkikubaliana kuwa kisima kitatumika na wote, andikeni na mtie sahihi kabla mpima hajafika, kwa sababu yeye atachora mstari na mstari haujui kwamba jirani hunywesha hapo mwezi wa pili. Mgogoro ukishindikana kwa wazee kuna upatanishi, usuluhishi, na mahakama mwishoni.

Zoezi hili haligusi ardhi ya umma. Jamii za msituni ziwe macho: msitu uliotangazwa rasmi huhesabiwa mali ya umma, na njia hii peke yake haiwatoshi. Kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau ilibidi ifikishwe Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, ikaamua kwa upande wao mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaagiza Kenya iwalipe fidia na kuwarudishia ardhi.

Ramani ikikamilika, msajili huandikisha ardhi na kutoa hati kwa jina la jamii. Zilizokuwa ranchi za kikundi, yaani ardhi ya malisho iliyomilikiwa na kikundi chini ya sheria ya zamani, nazo hupita njia hii ya sheria mpya. Il Ngwesi ya Laikipia ni miongoni mwa zilizotangulia.

Mkishapata hati

Kamati ni msimamizi. Kuuza au kuhamisha ardhi kunahitaji kura ya angalau theluthi mbili ya watu wazima wote walioandikwa, na mkataba wa mwekezaji nao unahitaji idhini ya kikao cha jamii kwa theluthi mbili. Daftari husasishwa kila mwaka. Na kama ardhi yenu iliwahi kuchukuliwa kwa mradi wa umma kabla ya usajili, fidia iliyolipwa inapaswa kuwa imehifadhiwa na kaunti kwenye akaunti maalumu yenye riba. Siku hati inapotoka, iandikieni kaunti barua kuidai, mkiambatisha nakala ya hati na nambari ya akaunti ya jamii.