Somo: Achari ya embe kutoka kwa maembe yanayokosa mnunuzi soko la Kongowea, Mombasa

Msimu mkubwa wa embe Pwani huanza Novemba na kuendelea hadi Februari au Machi. Sehemu kubwa ya msimu huo ni wakati wa kaskazi, jua kali na mvua haba, kwa hiyo tunda linajaa sokoni wakati uleule ambao hewa inafaa kukaushia. Embe lililobonyea kwenye kreti asubuhi, ikifika alasiri hakuna anayeliuliza. Hapo ndipo inapoingia biashara hii ya achari, yaani vipande vya embe vilivyokaushwa, vikapikwa kwa shira (maji ya sukari yaliyochemshwa hadi kuwa mazito) na pilipili.

Kwanza, uliza mabaki ni ya nani

Usidhani maembe yaliyowekwa kando hayana wenyewe. Kuna wafugaji wa mbuzi wanaoyapitia kila jioni, na kuna akina mama wanaoyachagua kwa ajili ya juisi. Ukiingia na pesa zako ukayazoa yote, hujapunguza taka, umewanyang'anya tu wenzio. Zungumza na wachuuzi watatu au wanne, mkubaliane bei ya kilo moja kwa msimu mzima, na upime kwa mizani yako mbele yao. Kreti usiikadirie kwa macho. Hamali na mwenye mkokoteni walipwe siku hiyohiyo.

Kuchagua

Biashara nyingi za aina hii hufia hapa. Kubonyea si kuoza. Embe lenye alama ya kugongwa, ganda lenye madoadoa meusi ya juujuu, au umbo baya, linafaa. Lenye ukungu, harufu ya kuchacha au tundu lenye funza wa nzi wa matunda, halifai kwa chochote cha kuliwa na mtu. Usikate upande wenye ukungu ukabakisha mwingine: tunda laini hupitisha sumu ya ukungu mbali kuliko jicho linavyoona.

Kwa achari taka embe lililoanza kuiva lakini bado gumu. Embe aina ya ngowe ni zuri kwa sababu halina nyuzi nyingi. Lililoiva sana hugeuka uji ndani ya shira. Hilo likaushe vipande vya kula vivyo hivyo, bila sukari.

Kuosha na kukata

Osha vumbi kwanza. Kisha kwenye lita 10 za maji safi tia vijiko 2 vikubwa (mililita 30) vya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Tumbukiza maembe yakiwa mazima, na ganda lake, dakika 5, halafu suuza kwa maji ya kunywa. Ukishamenya usirudishe kwenye klorini.

Kata vipande vya unene wa milimita 6, urefu wa kidole. Usawa ndio muhimu: kipande kinene katikati ya vyembamba ndicho kitakachotia ukungu pakiti nzima. Loweka dakika 10 kwenye maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita, visibadilike rangi, kisha chuja.

Kukausha

Tumia kikaushio cha jua: kasha la mbao lenye kifuniko cha plastiki angavu, matundu ya hewa chini na juu, na trei za wavu ndani. Wavu uwe wa kuwekea chakula. Chandarua cha mbu, hata kikuukuu, usikitumie kabisa, kwa kuwa vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu.

Panga kilo 3 hadi 4 kwa kila mita mraba, vipande visipandane. Weka kipimajoto ndani, joto likae kati ya nyuzi 55 na 65. Likivuka 70, nje hukauka na kufanya gome, maji yakafungika ndani. Ukikigusa utasema kimekauka, na baada ya wiki kitakuumbua. Wakati wa kaskazi siku 2 kwa kawaida hutosha. Jua likizama funga matundu au toa trei uzihifadhi kwenye vyombo vyenye vifuniko, maana unyevu wa usiku wa Mombasa hurudisha kazi yote ya mchana.

Kimekauka kikikunjika bila kuvunjika na bila kutoa maji ukikibana. Hakikisha: tia vichache kwenye chupa kavu, funga, iache juani saa moja. Ukiona matone kwenye kioo, vyote virudi kikaushioni. Baada ya hapo vihifadhi wiki moja kwenye ndoo iliyofungwa, uitikise kila siku, unyevu usawazike.

Kupika

Kwa kilo 1 ya vipande vikavu: sukari kilo 1, maji mililita 600, pilipili ya unga gramu 30, chumvi gramu 15. Chemsha sukari na maji hadi shira ivute uzi mmoja kati ya vidole, punguza moto, ndipo utie chumvi na pilipili. Ukitia pilipili mapema inaungua, achari inakuwa chungu na jirani wote wanakohoa. Tia vipande, geuza dakika 10 hadi shira ivishike, kisha virudishe kwenye trei saa 3 au 4.

Pakia ikipoa kabisa, siku hiyohiyo. Ikipakiwa na joto inatoa jasho ndani ya pakiti, na ikilala wazi inavuta unyevu na kunata.

Hesabu

Maembe kilo 20: toa kilo 3 zisizofaa, zibaki 17. Maganda na kokwa huchukua asilimia 35 hadi 40, unabaki na nyama kilo 10 na nusu hivi. Ikikauka ni kama kilo 2, na ukishapika unapata achari kilo 4 kasoro kidogo, sawa na pakiti 75 hivi za gramu 50. Utagundua embe si gharama kubwa. Sukari, pakiti na mikono ya kumenya ndivyo vinavyokula pesa, hivyo usimbane mchuuzi kwa shilingi mbili. Na ukitangaza kiasi ulichookoa, taja kilo za embe. Nusu ya uzito wa achari ni sukari, nayo haikuwa ikitupwa.

Vibali

Leseni ya biashara ya kaunti, ukaguzi wa jikoni na afisa wa afya ya umma, cheti cha afya kwa kila anayeshika chakula (hurudiwa kila miezi 6), na alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) kabla ya kupeleka madukani. Lebo ionyeshe viambato kuanzia kilicho kingi, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, na namba ya fungu.

MASWALI YA WANACHAMA (na mtaa wa anayeuliza)

Likoni: Jamani, nilikausha siku tatu juani kwenye jamvi na bado ukungu umetokea. Nimekosea wapi?

Jibu: Dada, usiku viliachwa wapi? Kama vilibaki nje, vilinyonya unyevu tena. Pima pia unene. Fungu hilo litupe, usilipike upya, shira haiondoi sumu ya ukungu.

Bamburi: Masika ya Aprili na Mei nifanyeje? Nitumie oveni ya gesi?

Jibu: Kaka, oveni nyingi za nyumbani hazishuki hadi nyuzi 60, na gesi itameza faida. Kausha kwa wingi wakati wa kaskazi, weka vipande vikavu kwenye ndoo zisizopitisha hewa mahali penye giza, kisha upike achari kulingana na oda. Vikikauka sawasawa vinakaa miezi 6.

Majengo: Bila wekundu watoto hawanunui. Natia rangi gani?

Jibu: Mama, tia rangi ya chakula iliyoruhusiwa, kwa kipimo cha kwenye chupa, na uiandike kwenye lebo. Rangi ya unga ya kutilia ukili wa mikeka si ya kula, hata mwenye duka akikuapia. Au changanya pilipili nyekundu isiyowasha sana, itakupa wekundu wa kutosha.

Nyali: Naweza kuongeza mabaki ya bufee za hoteli kwenye biashara hii?

Jibu: Hapana, ndugu. Chakula kilichopikwa kinataka kukaa juu ya nyuzi 60 au chini ya 5, na gari la baridi. Hiyo ni kazi nyingine na jiko jingine.

Changamwe: Na hizo kilo 6 au 7 za maganda na kokwa?

Jibu: Sheria ya taka ya 2022 inataka taka za kuoza zitengwe na nyingine, kwa hiyo anza na ndoo mbili. Maganda yapewe mbuzi yakiwa mabichi, siku hiyohiyo, bila kokwa. Yaliyochacha changanya na majani makavu, ndoo moja ya maganda kwa mbili za majani, ugeuze kila wiki, yawe mboji. Kokwa zipasue kwanza, zikiwa nzima zinachelewa sana kuoza.