Tafuta njia kamili ya faili kabla ya chdir()

Kwa wenzangu wa lugha ya C hapa Kisumu: programu ikipokea njia kama ../data/bei.csv, ipitishe kwenye realpath(njia, NULL), inayorudisha njia kamili, mwanzoni kabisa, kabla ya chdir() yoyote (inayobadilisha saraka ya kazi). Njia isiyoanza na / husomwa kuanzia saraka ya kazi ya wakati huo. Saraka ikibadilika, njia ileile inaelekeza kwingine. Ukiipa NULL (ruhusa ya POSIX 2008, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), realpath hutenga kumbukumbu yenyewe, kwa hiyo usisahau kuiachilia kwa free(). Bafa ya ukubwa wa PATH_MAX (kikomo cha urefu wa njia) achana nayo.

realpath hukwama faili ikiwa bado haijaundwa: inarudisha NULL, na errno (namba ya kosa) inakuwa ENOENT, yaani faili haipo. Hapo tafuta njia kamili ya saraka mzazi, kisha ubandike jina la faili. Viungo vya ishara (symlink) navyo hufuatwa hadi mwisho, utake usitake.