Somo: Chavusha okidi yako uone homoni zikifanya kazi

Ua la Phalaenopsis, ile okidi ya dirishani inayouzwa sana, hukaa miezi miwili au hata mitatu bila kunyauka. Likichavushwa, siku mbili hivi tu limeshalegea. Si uzee huo, ni amri. Tuone inatoka wapi.

Hatua ya 1. Chagua maua mawili ya bua moja yaliyofunguka karibu pamoja. Chavusha moja, jingine usiliguse. Bila la kulinganishia hutajua kama ni homoni au ni joto la sebuleni.

Hatua ya 2. Nguzo iliyo katikati ya ua ina kofia ndogo nchani. Isukume kutoka chini kwa kijiti cha meno. Kitatoka na vidonge viwili vya manjano vyenye gundi. Hiyo ndiyo chavua. Okidi haimwagi vumbi kama mahindi. Vibandike kwenye stigma, yaani kile kishimo chenye ute chini ya nguzo hiyohiyo.

Hatua ya 3. Subiri. Chavua ya okidi imesheheni homoni ya oksini. Mwaka 1909 Mjerumani Hans Fitting alionesha kwamba hata dondoo la chavua, bila chembe hai, linatosha kunyausha ua. Chavua ikitua, jeni fulani kwenye stigma huamka na kutoa kimeng'enya kinachotengeneza ACC, malighafi ya ethilini, gesi ileile inayonyausha ua. Kimeng'enya cha pili huigeuza ACC kuwa gesi ya ethilini, nayo gesi huamsha jeni zaidi za aina hiyo. Ethilini inazaa ethilini.

Ninachokipenda mimi ni petali. Humo jeni ya kimeng'enya cha kwanza imelala, ya pili tu ndiyo huamka, kwa hiyo petali hutegemea ACC inayotoka kwenye stigma na nguzo. Risasi zinaletewa, kufyatua zinafyatua zenyewe.

Hatua ya 4. Ua lililonyauka usilikate. Kile unachodhani ni kikonyo nyuma yake ndicho ovari, kifuko cha mbegu, na itaanza kunenepa. Siku ya kuchavusha haikuwa na ovyuli (kijimbegu kinachongoja kurutubishwa) hata moja iliyokamilika. Oksini na ethilini hizohizo ndizo zinazoamuru zijengwe. Mmea bahili huu: haugharimii mbegu kabla ya kupata chavua. Urutubishaji wenyewe huja karibu siku 80 baadaye.

MASWALI YA WADAU

Mwalimu, nikiweka ule unga wa kuotesha vipandikizi kwenye stigma badala ya chavua?
Unga huo kwa kawaida una oksini ya kiwandani, hivyo ua litanyauka na ovari inaweza kuvimba. Mbegu usitarajie, hakuna chavua ya kurutubisha.

Okidi yangu iko jikoni, imenyauka na hakuna aliyeigusa. Kulikoni?
Ndizi mbivu zipo karibu? Zinatoa ethilini, na ua halijali gesi imetoka kwenye stigma yake au kwenye kapu lako. Hamisha kimoja.

Nimeondoa kofia tu, chavua sijaiweka popote, na ua limeanza kubadilika rangi.
Huenda hiyo ni Cymbidium, okidi ya aina nyingine. Kwake kuondolewa kofia na chavua kunatosha kuanzisha ethilini. Mdomo wa ua hugeuka mwekundu kisha ua hunyauka. Phalaenopsis huvumilia zaidi.

Shikamoo mwalimu. Huku Bukoba tunachavusha vanila kwa mkono. Nayo ni okidi, mbona yote hunyauka, niliyochavusha na nisiyochavusha?
Marahaba. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, kwa hiyo kunyauka si kipimo. Angalia kushika: lisilochavushwa hudondoka ndani ya siku moja au mbili, lililoshika hubaki likining'inia na kikonyo chake kinarefuka. Hicho ndicho ganda lako. Livune baada ya miezi tisa hivi.